AC ya gesi ya R22 haijaziwi gesi ya R410A, mkuu. Mzuie huyo fundi!

Mkuu, kama fundi bado hajafika Nzuguni, mpigie sasa hivi asije. Kama ameshafika, mpe chai, ila geji zake za kupimia presha zibaki kwenye begi.

Umesema AC ya steshenari yako ni ya R22, imeacha kupoza, na fundi anadai R22 "imepigwa marufuku sababu ya ozoni", hivyo ataachia kidogo iliyobaki hewani kisha ajazie R410A juu yake kwa kuwa ni "rafiki wa mazingira". Ukauliza pia kama tundu la ozoni ndilo linaloleta joto hili la Dodoma. Sina upole leo. Ada ya kosa hili nimeshailipa.

Tuanze na kinachoua kompresa. Kondensa, yaani koili ya nje inayotoa joto, ikiwa na nyuzi 40, na mchana wa Oktoba hapa kwetu inapita hapo, R22 inasoma presha ya kama psi 210 upande wa juu. R410A kwa joto hilohilo inakaribia 335. Koili, mabomba na mota vilipimwa kwa ile ya kwanza. Ukijazia, ampea zinapanda, ovalodi, kinga ya mota, inakata, inarudi, inakata tena, na wewe unadhani ni umeme mdogo. Halafu mafuta: kompresa ya R22 kwa kawaida ina mafuta ya madini, na R410A haikubaliani nayo. Yanatoka kompresani, yanaganda kwenye koili ya ndani, hayarudi, na kompresa inazunguka kavu mpaka isagike. Zaidi ya hapo, geji haikuambii tena ukweli, maana jedwali la presha na joto ni la gesi moja moja, si la uji uliokorogwa. Hata kuuvuta uji huo utoke ni balaa, kwa sababu unachafua mtungi mzima wa kukusanyia.

Sasa hawa wenye "rafiki wa mazingira". R410A haina klorini, haiharibu ozoni, hilo kweli. Lakini kilo 1 ikiachiwa hewani hushika joto sawa na kilo 2,088 za kaboni dayoksaidi kwa hesabu ya miaka 100. R22? 1,810. Ni kama kumsifu fisi kwa kuwa hali mahindi shambani. Anayekuuzia kwa sifa hiyo bila kukusomea nusu ya pili anakuchezea.

Tundu la ozoni liko juu ya Antaktika, hufunguka kila mwaka kuanzia Agosti au Septemba, na linachopitisha ni miale ya urujuanimno, ile inayounguza ngozi na macho. Halimwagi joto Dodoma. Joto linashikwa na gesi zilizotanda kama blanketi: kaboni dayoksaidi, methani, na hizi za friji. Undugu wa ozoni na joto uko ndani ya mtungi wako: R22, na R12 ya friji za zamani, zina klorini inayovunja ozoni na papo hapo zinashika joto. Mkataba wa Montreal wa 1987 ulizibana hizo, watu wakakimbilia HFC, gesi zisizo na klorini kama R410A, ndipo yakaja Marekebisho ya Kigali mwaka 2016 kuzibana nazo. Na R22 haijapigwa marufuku yote kwa siku moja. Nchi zinazoendelea zinapunguza kwa hatua: asilimia 67.5 kufikia 2025, na kuanzia 2030 inabaki kidogo tu ya matengenezo.

Kwa hiyo gesi ni ile iliyoandikwa kwenye stika ya mashine ya nje. Basi. Si ya fundi, si ya duka.

Na gesi haiishi kama mkaa, imevuja. Vumbi letu linasaidia hapa: penye tundu mafuta hutoka kidogo, vumbi linagandia, unaona doa jeusi linaloteleza kwenye nati ya fleya, ile inayounga bomba na mashine, wakati bomba jingine lote ni kavu. Gesi iliyobaki ivutwe kwa mashine kwenye mtungi, isiachiwe. Weka nitrojeni mpaka psi 300, paka povu la sabuni kwenye kila kiungo, iache usiku. Nitrojeni, si oksijeni. Oksijeni ikikutana na mafuta ndani ya bomba inalipuka. Ziba, piga vakyumu, yaani nyonya hewa yote, mpaka geji isome maikroni 500, funga valvu, subiri robo saa. Namba hiyo ikipanda haraka na kuendelea kupanda, kuna tundu. Ikipanda ikasimama, kuna unyevu, na unyevu ukikutana na gesi na mafuta unazaa asidi inayokula waya za mota. Kisha chaji kwa mizani, gramu za kwenye stika, si kwa kugusa bomba na kusema "hapo imekolea".

Akija mwingine na R290 ajazie humo, mfukuze pia. Ni propani, ndugu ya gesi ya mtungi wa jikoni, na swichi za AC yako hazikutengenezwa kukaa nayo. Kwenye mashine iliyoundwa kwa ajili yake ni gesi nzuri sana, namba yake ya kushika joto, kwa hesabu ileile ya kaboni dayoksaidi, ni kama 3 tu.

Piga picha ya stika uiweke hapa. R ngapi, gramu ngapi. Na kabla hujajibu, mwambie fundi afunge begi.