Fedha za kocha na mshahara wa mjomba wenu

Wiki iliyopita, katika kundi letu la familia la WhatsApp, mpwa wangu aliyeko Tanga, ambaye anafundisha timu ya vijana wa mtaani na ndiyo kwanza amepata leseni yake ya ukocha ya daraja la mwanzo, alituma picha ya kocha wa chuo kikuu kimoja cha Marekani na kuniuliza mbele ya watu wote: "Shikamoo mjomba. Huyu amefukuzwa kazi na bado anadai dola milioni 54. Wewe hujafukuzwa, unafundisha chuo hukohuko, unalipwa ngapi?" Dada yangu akaweka vicheko, shemeji akakumbusha kwamba paa la nyumba ya mama linasubiri jibu langu, na binamu mmoja akauliza kama siwezi kumtafutia kijana nafasi ya kocha msaidizi. Nimekaa na maswali hayo siku nne. Leo nayajibu kwa maandishi, kwa sababu kwa simu nimezoea kusema "mambo mazuri, tunamshukuru Mungu," na neno hilo ndilo lililotufikisha hapa.

Marahaba, mpwa wangu. Habari uliyotuma ni ya kweli. Mtu huyo ni Brian Kelly, aliyeajiriwa na chuo kikuu cha LSU, jimbo la Louisiana, mwishoni mwa mwaka 2021 kwa mkataba wa miaka kumi wenye thamani ya dola milioni 95, naye alifukuzwa mwezi Oktoba 2025, siku moja baada ya kufungwa 49 kwa 25 na chuo cha Texas A&M kwenye uwanja wa nyumbani. Kiasi kilichobaki kwenye mkataba ndicho hicho cha takriban dola milioni 54, ambazo kwa fedha zetu ni zaidi ya shilingi bilioni 130. Chuo kilijaribu kwanza kumshawishi apokee pungufu, yeye akaenda mahakamani, na kabla mwezi Novemba haujaisha chuo kikakubali kwa maandishi kwamba kimemwachisha bila kosa na kwamba deni lipo. Mpira wenyewe, kwa wale ambao hawajauona, ni ule wa kofia ngumu na mabega ya bandia, unaoitwa mpira wa miguu ingawa muda mwingi uko mikononi, na uwanja wa LSU mjini Baton Rouge unachukua watu zaidi ya 102,000, ilhali Uwanja wetu wa Benjamin Mkapa unachukua 60,000.

Tena Kelly si wa kwanza wala si aliyezidi wote. Texas A&M haohao waliomfunga walimfukuza kocha wao, Jimbo Fisher, mwezi Novemba 2023, wakiwa wanadaiwa naye zaidi ya dola milioni 75, zinazolipwa kidogo kidogo hadi mwaka 2031, na mkataba wake haukuwa na kifungu cha kupunguza hata senti moja endapo angepata kazi kwingine. Jambo lililonifanya nicheke peke yangu jikoni ni kwamba mkurugenzi wa michezo aliyemwajiri Fisher pale Texas A&M mwaka 2017, Scott Woodward, ndiye huyohuyo aliyehamia LSU na kumwajiri Kelly. Gavana wa Louisiana alisimama mbele ya waandishi wa habari akasema bwana huyo hatamchagua kocha ajaye, na siku chache baadaye Woodward naye akaondoka. Mngedhani baada ya hapo wangeshika adabu katika matumizi. Tarehe 30 Novemba LSU ilimchukua Lane Kiffin kutoka chuo jirani cha Ole Miss kwa miaka saba, karibu dola milioni 13 kwa mwaka. Rais wa Marekani analipwa dola 400,000. Kiffin aliiacha Ole Miss ikiwa imepoteza mchezo mmoja tu kati ya kumi na miwili na inaingia kwenye mtoano wa ubingwa wa taifa, na chuo kilikataa asiongoze timu kwenye mtoano huo huku mguu mmoja ukiwa tayari Baton Rouge.

Sisi tuliokulia kwenye mambo ya Simba na Yanga hatushangai kocha kufukuzwa baada ya mechi moja mbaya. Kinachotushangaza ni yale malipo, na hapo ndipo inafaa mfahamu namna kazi hizi zinavyotafutwa. Kocha mkubwa huku haandiki barua ya maombi. Ana wakala, na wakala mmoja, Jimmy Sexton, amewasimamia wengi wa wale mnaowasikia: Saban, Fisher, Kirby Smart wa chuo cha Georgia, Kiffin. Nafasi inapotokea, jina la mteja wake huanza kunong'onwa kwenye vyombo vya habari, chuo anakofanya kazi huingiwa na hofu ya kumpoteza, na mara nyingi mtu huyo haondoki kabisa, ila mkataba wake huongezwa miaka na fedha. Kukana hadharani ni sehemu ya mchezo: mwezi Desemba 2006 Nick Saban, akiwa kocha wa timu ya kulipwa ya Miami, alitamka kwamba yeye hatakuwa kocha wa chuo cha Alabama, na haikutimia wiki mbili akawa kocha wa Alabama, akakaa hadi Januari 2024 na kutwaa mataji sita ya taifa. Kwa kuwa kila chuo kinaogopa kunyang'anywa kocha na kila chuo kinamwinda kocha wa mwenzake, mikataba hurefushwa hadi miaka kumi na malipo hudhaminiwa hata kama timu itafungwa kila Jumamosi. Kifungu kinachotofautiana ni kile cha kumtaka aliyefukuzwa atafute kazi nyingine. Kocha James Franklin alipofukuzwa na chuo cha Penn State mwezi Oktoba 2025 alikuwa anadai karibu dola milioni 49, lakini baada ya wiki chache akapata kazi Virginia Tech na deni likashushwa hadi milioni tisa. Fisher yeye angeweza kukaa barazani anakunywa kahawa mpaka 2031.

Sasa swali lako lenyewe. Mimi ni mhadhiri wa muda wa Kiswahili katika chuo kikuu cha umma ambacho sitakitaja jina. Ninalipwa kwa somo: dola 4,500 kwa somo moja kwa muhula mmoja, na nikibahatika kupata masomo matatu kila muhula, mwaka mzima unanipa dola 27,000 kabla ya kodi. Mkisikia dola 27,000 mnapiga hesabu ya shilingi na mnaona utajiri, nami siwalaumu, kwani hata mimi nilipopata bahati nasibu ya makazi mwaka 2013 nilipiga hesabu hiyohiyo. Lakini fedha hiyo inatumika hapa. Pango ni dola 1,150 kwa mwezi, gari ni lazima kwa sababu mji hauna daladala, bima ya gari ni lazima kwa sababu ya sheria, na bima ya afya ninajilipia mwenyewe kwa kuwa mhadhiri wa muda hapewi. Ndiyo maana siku za mwisho wa wiki, ambazo nimekuwa nikiwaambia kwamba "ninapumzika", huwa ninapanga bidhaa kwenye rafu za duka hadi saa sita za usiku.

Mkataba wangu ni wa miezi minne. Una ukurasa mmoja na nusu, na una sentensi isemayo kwamba somo likikosa wanafunzi kumi linaweza kufutwa, na likifutwa silipwi.

Mtasema: si chuo kimoja? Ni chuo kimoja, lakini hazina ni mbili. Katika vyuo vikubwa idara ya michezo ina akaunti zake, inayokula haki za matangazo ya televisheni, viingilio, na michango ya matajiri waliosoma hapo au wanaotamani wangesoma hapo. Umoja wa vyuo unaoitwa Big Ten uliuza matangazo yake kuanzia 2023 kwa zaidi ya dola bilioni saba kwa miaka saba. Matajiri nao huchangia kumleta kocha na, akishindwa, huchangia kumwondoa. Nimewahi kumsikia mzee mmoja akigeuza nyama yake kwenye jiko la mkaa, akijisifu kwamba ametoa mchango mara mbili kwa ajili ya kocha mmoja, wa kwanza aje na wa pili aende. Wakubwa wa chuo hutuambia kwamba fedha hizo haziwezi kununulia kitabu wala kulipia mwalimu kwa kuwa hazikutolewa kwa ajili hiyo. Maelezo hayo ni ya kweli kisheria, ila mimi siyakubali kwa asilimia mia, kwa sababu jina linalouzwa kwenye televisheni ni la chuo na si la idara, na kwa sababu vipo vyuo vidogo vingi ambavyo timu zake haziingizi kitu na hulishwa na ada ya mwanafunzi ambaye hajawahi kukanyaga uwanjani.

Jambo moja dogo litawaonyesha daraja langu. Eneo la kuegesha magari nyuma ya jengo letu nalilipia kibali cha mwaka. Ijumaa kabla ya mechi ya nyumbani tunatumiwa ujumbe: kila mwalimu aondoe gari lake kabla ya saa kumi na moja jioni, la sivyo litavutwa kwa gharama yake. Kufikia magharibi pameshajaa magari makubwa kama mabasi, yenye vitanda na televisheni ndani, wenyewe wametandika mazulia juu ya lami na moshi wa nyama umeshaingia madarasani. Jumatatu ninaegesha juu ya mifupa.

Muhula huu nilikuwa na wanafunzi kumi na mmoja, na wawili kati yao ni wachezaji wa timu, vijana wanene wa mabega, wapole, ambao viti vyetu vya darasani vinawabana hadi wanakaa upande. Chuo chetu nacho kilimfukuza kocha wake msimu huu, na ilitokea kwamba juma hilo nilikuwa nafundisha kauli ya kutendwa. Nikaomba mifano. Mmoja wao akainua mkono akasema taratibu, kwa lafudhi yake, "Kocha amefukuzwa." Darasa likanyamaza. Mwenzake akaniuliza kitenzi cha kulipa kinageukaje, nikamwambia, akaandika: "Kocha atalipwa. Mimi nitahamishwa?" Nilimsahihisha kwamba aseme "nitahama", maana mchezaji siku hizi ana dirisha la uhamisho na huondoka kwa hiari yake, lakini baadaye nikaona huenda sarufi yake ilikuwa sawa na mimi ndiye niliyekosea. Kocha aliyemfuata nyumbani kwao na kukaa sebuleni na mama yake hayupo tena, na kocha mpya atakuja na vijana wake. Tusisahau kwamba hadi mwaka 2021 vijana hawa walikatazwa kupata hata senti kwa jina lao, zaidi ya ufadhili wa masomo, na ni kuanzia Julai 2025 tu, baada ya suluhu ya mahakamani, ndipo chuo kiliporuhusiwa kuwagawia wanamichezo wake wote hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza.

Kuhusu kukutafutia nafasi, mpwa wangu, nakujibu kama ninavyomjibu mwanangu. Kazi unayoiona kwenye picha ina ngazi ndefu, na ngazi ya chini kabisa ni kijana aliyemaliza kucheza, anayerudi kusoma shahada ya pili huku akikata video za mechi hadi alfajiri kwa posho ndogo. Jirani yangu alikuwa ngazi chache juu ya hapo, msaidizi wa wasaidizi. Kocha mkuu alipofukuzwa, yeye hakuwa na milioni wala wakala. Siku ya tatu nilimwona mkewe akibandika kibao cha "inauzwa" kwenye nyasi, watoto wakiwa bado wamevaa fulana za timu. Soka letu lipo vyuoni na lina makocha, wengine wageni, lakini walio wengi hawalipwi hata sehemu ya kumi ya niliowataja. Na chuo kikitaka kumwajiri mgeni aliye nje ya nchi kwa viza ya kazi ya kitaalamu, tangu Septemba 2025 ombi jipya linatozwa dola 100,000. Hakuna atakayeilipa kwa ajili ya kocha wa vijana, hata awe na kipaji chako.

Mlango ambao watu wetu wameupitia kweli ni wa wanafunzi wanariadha. Suleiman Nyambui alisoma na kukimbia El Paso, Texas, kisha akatuletea medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, na Mkenya Henry Rono alivunja rekodi nne za dunia mwaka 1978 akiwa mwanafunzi wa Washington State. Vyuo bado vinawatafuta wakimbiaji kwa udhamini kamili wa masomo. Kama kwenye timu yako yuko kijana au binti anayewaacha wenzake mbali mnapokimbia ufukweni asubuhi, nipe muda wake ulioupima kwa saa, si kwa macho, na matokeo yake ya kidato cha nne. Hiyo nitaishughulikia kesho yake, kwani barua ya kumwandikia kocha wa riadha hainigharimu kitu.

Dada, kuhusu paa: nina dola 300, nitazituma tarehe 5 nikishalipa pango, na ni za mabati tu, fundi mtamlipa huko. Msiningoje kwa harusi ya Aprili mpaka nijue masomo yangu ya Januari. Somo la kwanza na la pili yamejaa. La tatu, leo asubuhi nilipofungua orodha, lilikuwa na wanafunzi tisa.