Ping kupanda usiku kwenye Mbps 40
Mkuu, unayeuliza kwa nini ping (muda wa data kwenda kwenye seva na kurudi) inapanda usiku ukicheza gemu: usiongeze kifurushi, Mbps 40 zinatosha; gemu zenyewe hazili hata Mbps 1. Shida ni foleni ndani ya ruta: simu ya mtu ikianza kupakia picha, pakiti zako (vipande vya data) zinasubiri nyuma yake. Chomeka waya wa mtandao wa Cat5e kutoka ruta hadi kompyuta, fungua CMD (dirisha la amri la Windows), andika ping 8.8.8.8 -t, kisha mtu apakie video. Ping ikiruka kutoka milisekunde 20 hadi 200, ndiyo hiyo. Kwenye ruta washa SQM (mpangilio unaosimamia foleni ya pakiti), weka kikomo asilimia 85 hadi 90 ya spidi uliyopima, hasa ya kupakia. Ruta za bure za kampuni ya intaneti mara nyingi hazina SQM. Tafuta inayokubali OpenWrt, programu huria ya ruta inayoweza kuwekewa SQM. Waya hauwezekani? Tumia Wi-Fi ya GHz 5, ukiwa chumba kimoja na ruta. Ila seva ya gemu ikiwa Ulaya, hakuna ruta itakayokupa ping ya milisekunde 20.