Maswali ya Wasomaji: Vita vya Siri vya Mbunge wa Texas

Swali: Ndugu Mhariri, nimetazama Charlie Wilson's War, filamu ya mwaka 2007 iliyoongozwa na Mike Nichols. Nimecheka sana, ila kuna kitu sikukielewa. Mbunge mmoja, Charlie Wilson wa Texas, anawezaje kuongeza fedha za siri za wapiganaji wa Afghanistan dhidi ya majeshi ya Kisovieti bila Bunge zima kujua?

Jibu: Hapo filamu haikutia chumvi nyingi. Fedha za CIA, shirika la ujasusi la Marekani, hufichwa ndani ya bajeti ya ulinzi, na kiasi chake hujadiliwa faraghani na kamati ndogo ya matumizi ya ulinzi. Wabunge wengine huupigia kura muswada mzima, na hesabu za vifungu vya siri hazisomwi ukumbini. Wilson alikuwa ndani ya kamati hiyo. Aliyetaka kura yake kwa jambo la jimboni kwake alijua kwamba naye atadaiwa kura kwa ajili ya Afghanistan. Saudi Arabia nayo ilikubali kuchangia dola kwa dola, kwa hiyo kila alichopitisha kilizaa mara mbili. Mwaka 1987 sehemu ya Marekani peke yake ilifika takriban dola milioni 630.

Inapopotosha ni kuhusu mwanzo. Rais Carter wa Marekani alitia saini idhini ya kwanza ya msaada huo wa siri Julai 3, 1979, karibu miezi sita kabla ya majeshi ya Kisovieti kuingia. Idhini hiyo ilikuwa ya fedha na propaganda, si silaha. Silaha zilianza kupelekwa baada ya uvamizi wa Desemba. Bomba lilikuwa limeshatandazwa. Wilson alifungua koki.

Swali: Kwa nini Wilson na CIA wahangaike kwenda kutafuta silaha Misri wakati Marekani ina silaha zake?

Jibu: Ili waweze kukana. Bunduki ya Kisovieti ikikamatwa mikononi mwa mujahidina, yaani wapiganaji hao wa Afghanistan, itasemwa kwamba imetekwa vitani. Misri ilikuwa na bohari za silaha hizo tangu enzi za urafiki wake na Moscow, na China ilitengeneza za mfano huohuo. Kasoro ilikuwa ubora: shehena nyingi za Misri zilifika zikiwa na kutu.

Filamu inapita haraka mno kwenye safari ya silaha hizo, nasi tunaona hilo ndilo pengo lake kubwa. Meli zilishusha Karachi, na kuanzia hapo mzigo ulikuwa mikononi mwa ISI, idara ya ujasusi ya Pakistan. ISI iligawa kwa vyama saba vya mujahidina vyenye makao Peshawar, Pakistan, na ndiyo iliyoamua nani apate nini. Chama cha Hekmatyar kilipendelewa, ilhali Massoud, kamanda aliyekuwa akipigana bondeni Panjshir, Afghanistan, alipata kidogo. Anayelipa hakuwa anayechagua, na mtazamaji asipolijua hilo hataelewa yaliyofuata baada ya vita.

Swali: Je, ni Stinger, kombora la Marekani la kutungulia ndege, iliyowashinda Warusi?

Jibu: Ilisaidia, haikutosha. Helikopta ya Kisovieti ya Mi-24 ilikuwa na bamba la chuma lililohimili risasi za milimita 12.7, silaha kuu ya mujahidina dhidi ya ndege. Stinger hufyatuliwa begani na kufuata joto la injini, hivyo bamba halisaidii. Septemba 1986, karibu na Jalalabad, ilitungua helikopta tatu siku moja. Marubani wakaanza kuruka juu zaidi, na mabomu yao yakakosa shabaha.

Lakini angalia tarehe. Gorbachev, kiongozi wa Kisovieti, aliviita vita hivyo kidonda kinachovuja damu Februari 1986, miezi saba kabla ya kombora la kwanza kurushwa. Nia ya kuondoka ilikuwepo tayari.

Swali: Mwishoni Wilson anaomba dola milioni moja za shule na kunyimwa. Kwa hiyo Marekani iliondoka mara tu Warusi walipoondoka?

Jibu: Hapana. Onyesho hilo linachoma, na ni kweli kwamba ujenzi mpya wa nchi ulipuuzwa, lakini linaacha picha kwamba mfereji ulikauka. Wanajeshi wa mwisho wa Kisovieti walivuka mpaka Februari 15, 1989. Silaha za CIA ziliendelea kuingia dhidi ya serikali ya Najibullah, rais wa Afghanistan aliyeungwa mkono na Moscow, kwa karibu miaka mitatu zaidi, mpaka Washington na Moscow zilipokubaliana kusitisha kuanzia Januari 1, 1992. Najibullah alianguka Aprili mwaka huohuo, na makundi yaliyopewa silaha yakageuziana mitutu ndani ya Kabul.