Kumfuata mume jeshini si kuacha kazi ovyo

SWALI: Shikamoo shangazi. Mume wangu ni sajenti kwenye kambi ya Lewis-McChord, jimbo la Washington. Ameletewa karatasi ya uhamisho: Agosti tunatakiwa tuwe Fort Bliss, El Paso, Texas. Mimi ni msaidizi wa wauguzi kwenye nyumba ya wazee, mwaka mmoja na miezi minne sasa. Nilitaka niache kazi mapema Juni ili nifunge mizigo na kukaa na watoto. Msimamizi ameniambia anayeacha kazi mwenyewe hapati mafao ya kukosa ajira hata senti moja. Ni kweli? Na kama ninayo haki, nitaombea Texas? Naogopa pia kuiharibu grini kadi yangu, yaani kibali cha kuishi Marekani, bado ni ile ya masharti ya miaka miwili.
– Mama wa Wawili

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kabla ya yote, usiache kazi Juni. Kama barua umeshaiandika na hujaipeleka, ichane.

Msimamizi wako amekupa kanuni ya jumla. Marekani anayeondoka kazini mwenyewe hunyimwa mafao, isipokuwa awe na sababu inayokubalika kisheria. Alichokuachia gizani ni kwamba kumfuata mwenza aliyehamishwa ni mojawapo ya sababu hizo. Majimbo mengi yameliandika hilo kwa ajili ya wake na waume wa wanajeshi. Washington imekwenda mbali zaidi, inakubali hata mwenza wa kiraia aliyehamishiwa mbali. Lakini sheria yake ina sharti: uwe umebaki kazini muda wote uliokuwa wa busara kabla ya kuhama. Hapo ndipo Juni ingekuponza. Uhamisho wa Agosti na kazi iliyoachwa Juni havishikani, na afisa anayesoma faili lako ataona mtu aliyejipumzikia miezi miwili. Fanya kazi hadi wiki ile wapakiaji wanapokuja. Najua utachoka. Nimefunga maboksi usiku wa manane nikitoka zamu, naelewa ninachokuomba.

Kwenye barua ya kuaga usiandike “sababu za kifamilia”. Andika hivi: “Naacha kazi kwa kuwa mume wangu, askari aliye kazini, amehamishiwa Fort Bliss kwa amri ya jeshi,” utaje tarehe ya kuripoti na siku yako ya mwisho kazini. Baki na nakala.

Nakueleza hili kwa uchungu. Uhamisho wangu wa kwanza, jimbo ambalo sitalitaja, nilijaza kwamba nimeacha kazi kwa hiari yangu, basi, sikueleza zaidi. Ikaja barua ya kunikatalia. Niliibandika mlangoni mwa friji kwa sumaku, nikaitazama wiki tatu kila nikichukua maziwa ya mtoto. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, ilisema ninaweza kukata rufaa na siku ngapi ninazo. Niliposomewa na jirani, siku zilikuwa zimekwisha. Kwa hiyo wakikukatalia, soma mpaka mstari wa mwisho. Washington inakupa siku 30 za kukata rufaa. Aliyefanya kazi Texas ana 14 tu, kuanzia siku barua ilipotumwa, si siku alipoifungua.

Sasa, wapi pa kuombea. Ni Washington, hata ukiwa umeshalala El Paso. Fedha hizi hutoka jimbo ulikofanya kazi, kwenye kodi aliyolipa mwajiri wako, na ombi hujazwa mtandaoni. Washington hutaka uwe umefanya saa 680 katika mwaka wa hesabu, yaani robo mwaka (miezi mitatu mitatu) nne za kwanza kati ya tano zilizokamilika karibuni. Kwa zamu za saa 36 kwa wiki hiyo ni kama wiki 19, wewe umevuka zamani. Malipo ya wiki ni asilimia 3.85 ya wastani wa mshahara wa robo zako mbili bora. Ikiwa wastani ni dola 10,000, utapata dola 385, kabla ya kodi ya serikali kuu, maana mafao haya hutozwa kodi. Wiki ya kwanza ni ya kungoja, hailipwi.

Kila wiki utathibitisha kwamba unaweza kazi, uko tayari, na umefanya hatua tatu za kuitafuta. Wiki mtakayokuwa barabarani, sema ukweli kwamba mlikuwa safarini. Kupoteza wiki moja ni kheri kuliko kudaiwa urudishe fedha.

Grini kadi isikunyime usingizi. Mafao haya ni bima iliyotokana na kazi yako, na uhamiaji hawayahesabu kuwa umekuwa mzigo kwa serikali. Cha kuangalia ni kingine: wapelekee uhamiaji anwani mpya ndani ya siku 10 baada ya kuhama, na ombi la kuondoa masharti kwenye kadi lipelekwe ndani ya siku 90 kabla haijaisha. Barua ya kukukumbusha ikienda nyumba ya zamani, nani atakuletea?

Cheti chako nacho anza kukishughulikia sasa, uliza Texas jinsi ya kuhamishia jina lako kwenye daftari lao la wasaidizi wa wauguzi. Tunza kila risiti, kwani jeshi hurudisha hadi dola 1,000 za gharama za leseni na vyeti vya mwenza baada ya uhamisho.

Cheti cha ndoa, karatasi ya uhamisho, nakala ya barua yako na hati za mshahara visiingie kwenye lori la mizigo. Vitie kwenye bahasha moja, ubebe mkobani mwako.