Maswali ya mvinyo: lebo ya pili si feki

Nimeuziwa Merlot, mvinyo mwekundu wa zabibu za jina hilo, muuzaji akaniambia ni "lebo ya pili". Nimepigwa? (Msomaji, Igoma)

Hujapigwa. Shamba lenye jina halijazi kila pipa kwenye chupa yake kuu. Zabibu za mizabibu michanga, na mapipa yaliyoachwa wakati wa kuchagua, hupewa lebo nyingine ya bei nafuu. Kule Bordeaux, Ufaransa, shamba la Château Latour wana Les Forts de Latour na Château Margaux wana Pavillon Rouge. Hizo zina zabibu za Cabernet zaidi ya za Merlot, na hata kwa lebo ya pili bei zake zinatoa jasho. Yako ni ndugu yao wa mbali. Ila soma mgongo wa chupa: isiposema imetoka shamba gani, hiyo ni karatasi tu.

Mvinyo mwekundu si unanywewa joto la chumbani? (Kirumba)

Jamani, tena? Chumba cha nani? Maneno hayo yalizaliwa kwenye nyumba za mawe za Ulaya, nyuzi 16 hadi 18. Sebule yako saa nane mchana, bati juu, inafika 28.

Jumapili nilifungua Merlot ya lebo ya pili iliyoshinda kabatini. Glasi ya kwanza ilinipiga spiriti puani, basi. Nikaitia chupa kwenye friji dakika 30. Glasi ya pili ikaja na zambarau zilizoiva hadi kupasuka, kakao kwa mbali, na ukakasi mlaini, ule wa ganda la zambarau, si wa ndizi mbichi. Chupa ileile! Barafu ndani ya glasi? Tusigombane.

Nanyi wenye maduka mnaopanga chupa dirishani zipigwe jua zipendeze, mnatuuzia mvinyo uliopikwa. Mnunuzi, papasa juu ya chupa: kizibo kikiwa kimejisukuma nje, irudishe.

Inaenda na dagaa?

Hapana. Madini ya chuma ya mvinyo mwekundu yakikutana na mafuta ya dagaa, utadhani umelamba msumari. Sangara wa kuchoma, sawa. Mishkaki, sawa zaidi.

Nimeiweka juu ya friji, naitunza hadi harusi ya binti yangu. Sasa ana miaka 12. (Mama wa Nyakato)

Mama, inywe mwaka huu. Lebo ya pili kwa kawaida hutengenezwa inyweke mapema, na juu ya friji ndiko kwenye joto na mtikisiko. Harusi itakuwa na kamati yake.

Nusu chupa iliyobaki nifanyeje?

Rudishia kizibo, weka friji, imalize ndani ya siku tatu. Ikichachuka, pikia nyama. Usiimalize usiku huohuo kwa kuogopa hasara: Merlot nyingi zina kileo cha asilimia 13 hadi 14 na ushee, si bia hiyo, na bodaboda ya kushuka Bugando haitaki abiria anayeyumba.