Ukipata shamba la uwanda, anza na visiki

Kila kaskazi, msimu wa jua kali kabla ya masika, inapokaribia kwisha, vijana wanaorithi au kununua mashamba ya uwanda, yaani ardhi ya mawe ya matumbawe yenye udongo mwembamba, huku kusini Unguja huniuliza: nipande mti gani? Jibu langu huwavunja moyo mwanzoni. Usipande kitu kwanza. Lizunguke shamba lako, uiname, uangalie visiki.

Shamba letu la ukoo liko upande wa Muyuni, mawe matupu yenye vishimo vya udongo. Wazee walilima mtama, kunde na mbaazi humo, kisha wakaliacha miaka mingi mpaka vichaka vikafunga tena. Siku hizi shamba halipumziki. Akitoka mkulima anaingia mkata kuni, nyuma yake mchoma mkaa, na matanuri ya chokaa nayo yanakula magogo bila kushiba. Mbuzi humalizia kilichobaki. Ukifika unakuta mawe meupe na mikwamba michache, na watu wanakwambia ardhi hii imekufa.

Mara nyingi haijafa. Mche mchanga kwenye udongo mwembamba hukaushwa na kaskazi ya kwanza tu, lakini kisiki cha mdaa, mkunazi au mkwaju kina mizizi iliyokwisha kupenya nyufa za mawe hadi penye unyevu. Mzizi huo umechukua miaka, na hakuna kitalu kitakachokuuzia. Ndiyo maana naumia nikiona mtu anang'oa visiki ili “kusafisha” shamba, au anajenga tanuri la mkaa juu yake. Kisiki hustahimili panga. Kukiunguza, au kuacha mbuzi wale machipukizi kila yanapotoka, ndiko kunakokiua.

Basi kwangura gome kidogo kwa kucha au ncha ya kisu. Ukiona kijani chini yake, kiko hai. Usihukumu kwa majani, maana miti mingi ya uwanda hupukutisha wakati wa jua kali ikaonekana mikavu kabisa. Ngoja masika yanyeshe ndipo uamue.

Machipukizi yakitoka yatakuwa mengi, yanasongana. Yaache yakue mwaka hivi, kisha chagua mawili au matatu yaliyonyooka na kushika vizuri, mengine uyapunguze. Hayo unayopunguza ni kuni za nyumbani, kwa hiyo hifadhi hii haikunyimi moto jikoni. Ukihitaji kukata mti mzima, tumia shoka kali, ukate mshazari karibu na ardhi ili maji yasituame juu ya kisiki, na ufanye hivyo masika yakikaribia. Usikate shamba lote kwa mkupuo. Miti mikubwa iache kabisa: ndege na popo wakitua hapo hudondosha mbegu, na majani yake ndiyo yanayorudisha udongo vishimoni. Vichaka hivi ndivyo makao ya paa nunga, mnyama asiyepatikana kwengine duniani ila misitu ya pwani ya Kenya.

Kuhusu miti ya mikesha (jamii ya akesia) na mivinje, msimamo wangu ni huu: inakua haraka na inafaa kwa kuni na nguzo, kwa hiyo ipande pale ambapo hapakubaki kitu. Kufyeka visiki vya asili ili kuipisha ni hasara. Chini ya mvinje hutandikika zulia la vijani ambalo mimea mingine hupata taabu kulipenya.

Kabla ya kushika panga, nenda kwa sheha. Sheria ya misitu ya Zanzibar ya mwaka 1996 inadhibiti ukataji, na shehia nyingi zina kamati za uhifadhi zenye mipango yao ya wapi pa kukata na wapi pa kuacha. Kamati hizo ndizo zinazojua nani anafunga mbuzi na nani anawaachia, na bila kukubaliana nazo kuhusu mbuzi kazi yako yote italiwa.

Penye mapengo yasiyo na kisiki hai, hapo sasa panda. Kusanya udongo na majani makavu kwenye kishimo kirefu, weka mche wa mkwaju, mkunazi au mbuyu mvua za masika zinapoanza, kisha panga mawe pembeni yaukinge na jua la mchana. Mbegu za mbuyu zina ganda gumu; ziloweke kwenye maji moto usiku mzima kabla ya kuzifukia.