Picha ya kichwa ni safi, mbona bado anaumwa?

SWALI: Shikamooni, madaktari. Mdogo wangu ni mwanaapolo, yaani mchimbaji wa tanzanite, huko Mirerani. Wiki tatu zilizopita baruti ililipuka kabla hajatoka shimoni. Hakupigwa na jiwe, ila masikio yalivuma. Sasa kichwa kinamuuma, anasahau, hapati usingizi, na hasira ziko karibu. CT-scan (picha ya kichwa) ya siku ile haikuonyesha kitu. Wenzake wanasema anakwepa kazi. Ubongo unaweza kuumia bila kichwa kuguswa?
Dada mtu, Sakina, Arusha

JIBU: Marahaba, na pole sana. Unaweza, na wenzake wanamwonea. Baruti ikilipuka husukuma hewa kwa kasi kuliko sauti, na wimbi hilo la mgandamizo hupenya fuvu bila kulivunja. Shimoni ni pabaya kuliko uwanjani, maana wimbi hugonga kuta na kumrudia mtu.

Ubishi huu ni wa zamani. Mwaka 1915 Charles Myers, daktari wa Jeshi la Uingereza, aliandika kuhusu askari 3 waliopotewa na kumbukumbu, kuona, kunusa na kuonja baada ya makombora kulipuka karibu nao. Mwaka 1917 Frederick Mott alipima ubongo wa askari 2 waliokufa bila jeraha la nje, akakuta vitone vya damu. Hata hivyo wengi waliendelea kuitwa waoga. Mwaka 2016 Daniel Perl na wenzake, Marekani, walikuta makovu kwenye ubongo wa wanajeshi waliopitia milipuko: kandokando ya mishipa ya damu, na pale tabaka la kijivu linapokutana na jeupe. Makovu hayo yalionekana kwa hadubini, baada ya kifo. CT-scan hutafuta damu na mifupa iliyovunjika, haiyaoni.

Lakini picha ya siku ya kwanza haitoshi. Damu inaweza kuvuja polepole chini ya fuvu kwa wiki kadhaa. Maumivu yakizidi, akitapika mara kwa mara, akilegea upande mmoja, akipata degedege au akisinzia kupita kawaida, mpelekeni hospitali ya rufaa, kama KCMC ya Moshi, siku hiyohiyo.

Dalili hizo zisipokuwepo, bado aonwe na daktari wiki hii na apimwe masikio. Ngoma ya sikio ikiwa nzima, isiwadanganye kuwa ubongo umepona. Kwa maumivu atumie paracetamol 500 mg, vidonge 2 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku. Akimeza karibu kila siku, dawa yenyewe huleta maumivu ya kichwa. Pombe aache kabisa. Atembee, afanye kazi nyepesi, apunguze dalili zikirudi. Asikaribie baruti mpaka dalili ziishe na daktari amruhusu, kwani mlipuko wa pili juu ya ubongo usiopona hudhuru zaidi.

Mwambieni daktari pia kama alivuta moshi wa baruti. Moshi huo una kaboni monoksaidi, gesi yenye sumu, ambayo huweza kuharibu kumbukumbu hata wiki kadhaa baadaye.